Debe la Viberiti

Harufu ya tairi lililoungua ilianza langoni mwa ghala la mafuta la jeshi, mahali ambapo hata aliyeota ndoto ya sigara alitazamwa vibaya. Sheria ya pale ilikuwa fupi: dereva anazima injini nje, anashuka, anaacha kiberiti chake kwenye debe la chuma lenye mfuniko, ndipo anafunguliwa. Mkuu wa ghala, mwanamke aliyeitwa Mama Stoo, hakumsamehe hata jenerali.

Mdogo wake alikuwa dereva. Lori lake liliteketea darajani, naye ndani, akiwapelekea mafuta askari walioko mstari wa mbele. Tangu habari ifike, Mama Stoo hakuwa amelia.

Jua likizama, mlinzi alimjia akinong'ona.

"Mama, kuna lori linanguruma nje. Silioni."

"Basi usifungue."

"Dereva ameniita Kijiti. Aliyekuwa akiniita hivyo ni mdogo wako tu."

Alikwenda mwenyewe. Barabara ilikuwa tupu, lakini injini ilinguruma mbele ya uso wake, joto likampiga mashavuni, harufu ya mpira na nywele zilizoungua ikamshuka kooni hadi tumboni, na kutoka katika utupu ule, sauti aliyoijua tangu ilipokuwa ikilia mgongoni mwake kwenye mbeleko ikasema taratibu, kwa uchovu wa msafiri, "Dada, nifungulie. Nimechelewa."

Mkono wake ulikwishagusa komeo alipokumbuka mapipa nyuma yake, na vijana wa watu waliokuwa wakiyasubiri vitani.

"Zima injini," alisema.

Ikazimika.

"Shuka."

Changarawe zikalia chini ya nyayo zisizoonekana.

"Acha moto wako kwenye debe."

"Dada, nikiuacha, nitabaki na nini?"

"Hilo shauri lako. Mdogo wangu hakuwahi kuniuliza. Umemwibia sauti, adabu ya lango hukuiiba. Hapa utaingia kama wengine, au huingii."

Aliyekuwa nje hakuwa mtu bali jini la moto, na uchu wa mapipa ulilizidi akili, likaumimina moto wake, yaani nafsi yake yote, ndani ya debe. Debe lililia, likawa jekundu, na Mama Stoo akalibamiza mfuniko kwa buti. Kisha akakaa chini akamlilia mdogo wake kwa sauti, mlinzi akimshika bega.

Debe halijapoa mpaka leo. Mara nyingine huita ndani kwa ndani, "Dada." Mama Stoo huliwekea birika juu, na madereva wanaokwenda mbele hunywa chai ya moto kabla ya kuondoka.