Nelima na Shingo ya Mama

Kila asubuhi kabla ya shule, Nelima alishika ndama huku mama yake, Selpha, akikamua. Waliishi Kapseret, karibu na uwanja wa ndege. Siku hiyo ng'ombe alirusha teke, maziwa yakamwagika. Mikono ya Mama ilitetemeka, na ng'ombe hapendi mkono unaotetemeka.

"Ni baridi tu," Mama alisema. Lakini jasho lilimtoka, na chini ya leso shingo ilikuwa imevimba.

Wiki tatu zilizopita, wauguzi walipokuja kuchanja watu kanisani, yeye ndiye aliyembembeleza Mama waende. Sasa, akilini mwake, aliuona mshipa wa shingo ya Mama ukipigapiga kila mahali, hata ubaoni darasani. Kadi ya chanjo ya Mama aliificha ndani ya soksi yake, mtu asiione. Alitembea nayo hivyo, ikimkwaruza kila hatua.

Jirani yao, Mama Nanzala, alikuja kumsugua Mama shingo kwa samli ya moto.

"Hiyo ni koo tu. Tulia, wewe si mtoto."

"Unanisugua ama unanichinja?" Mama aliuliza. Kufikia mchana hakuweza kumeza uji.

Nelima alipotoka shule, yeye na Mama wakaenda hospitali. Daktari Jepkosgei aligusa shingo polepole. "Umepata homa ama sindano yoyote karibuni?"

"Hapana," Mama akajibu haraka.

Nelima alishtuka. Aliinama, akatoa kadi kwenye soksi. "Alichanjwa, daktari. Mimi ndiye nilimpeleka. Nimemuua?"

"Mama yako yuko hapa, anakusikia," daktari alisema.

Mama aliangalia sakafu. "Nilijua utajilaumu. Ndiyo maana nikasema hapana."

Daktari alieleza kwamba tezi ya shingo, iitwayo thairoidi, ilikuwa imevimba. "Watu wachache sana hupata hivi baada ya chanjo. Wengine huipata baada ya homa tu. Huenda ni chanjo, huenda siyo, siwezi kuapa. Lakini inatibika."

Alipima damu, akatoa dawa. Waliporudi baada ya wiki sita, uvimbe ulikuwa umeisha na moyo umetulia.

"Kwa hivyo tusichanjwe tena?" Nelima aliuliza.

"Chanjo huokoa wengi, Nelima. Ya mama yako itakayofuata, tutaipanga pamoja. Lakini nyinyi wawili mlifichana kwa sababu ya kupendana, na ugonjwa ukakaa katikati yenu. Mwili ukibadilika baada ya dawa yoyote, semeni siku hiyo hiyo. Daktari hatibu asichoambiwa."