Narcisse na Mtihani wa Pili wa Fizikia

Nyumbani kwa Papa Manassé, kwenye kilima kimoja cha Kirolirwe, kila jioni ilikuwa na utaratibu wake. Ng'ombe waliingia zizini. Papa Manassé alikamua maziwa. Mama Emérita, mke wake, aliivisha maharage. Kisha wote walikaa karibu na moto, wakasali Rozari.

Katika likizo ya Pasaka ya mwaka 1968 jambo moja liliongezeka. Baada ya Rozari ilikuwa zamu ya Narcisse, mtoto wao wa kwanza. Narcisse alikuwa na miaka kumi na sita. Alisoma sekondari katika koleji ya mapadri, na huko alilala bwenini.

Papa Manassé alikuwa katekista wa kanisa dogo la kilima chao. Watoto wengi walikuwa wamebatizwa kwa mafundisho yake. Aliuliza swali la katekisimu, mtoto alitoa jibu, neno kwa neno. Kwa hiyo alimfundisha Narcisse kwa njia hiyo hiyo. Alishika daftari la fizikia karibu na taa. Maneno ya Kifaransa hakuyaelewa, lakini herufi alizijua. Alifuata mstari kwa kidole, na Narcisse akiruka neno moja tu, alimrudisha mwanzo.

Narcisse alizisema sheria zote za fizikia bila kuangalia. Hata Koko Nyiramahoro, bibi yake, alizishika. Alikuwa akitikisa kibuyu cha maziwa ili apate siagi, na midomo yake ilifuata: «Tout corps plongé dans un liquide...» Hakujua kwamba maana yake ni «Kila kitu kilichoingizwa majini...» Alisema tu kwamba maneno hayo yanakwenda vizuri na kibuyu.

Wote walicheka. Papa Manassé alifunga daftari kwa furaha. Alisema mtoto anayejua namna hii hawezi kuanguka.

Mwezi wa saba Narcisse alirudi na matokeo yake. Katika masomo mengine alikuwa amepita. Katika fizikia alikuwa ameanguka, tena vibaya.

Habari hii ilikuwa nzito. Mwaka uliotangulia Narcisse alikuwa amerudia darasa. Koleji haikukubali mwanafunzi arudie mara ya pili. Kama fizikia itabaki hivi, hatakuwa na nafasi tena katika koleji ile. Na Narcisse alitaka kuwa mganga wa mifugo. Alitaka hivyo tangu siku alipoona ndama watatu wanakufa kwa ugonjwa mmoja.

Papa Manassé hakumpiga wala hakumtukana. Alisema labda mwalimu wa fizikia anamchukia mtoto. «Maneno yote aliyajua. Hata mama yangu anayajua.» Mama Emérita alifikiri kwamba hawakusali vya kutosha. Siku hiyo hiyo alianza novena, sala ya siku tisa.

Kisha Papa Manassé alitoa uamuzi. Ulikuwa wakati wa kiangazi, na majani ya karibu yalikuwa yamekauka. Narcisse atapeleka ng'ombe juu milimani, na atabaki nao huko mpaka mvua. Mambo ya shule yamekwisha.

Narcisse alisema, «Ndiyo, Papa.» Alikwenda nyuma ya zizi ili wasimwone akilia.

Siku mbili baadaye jirani alipita kuwasalimu. Aliitwa Mwalimu Védaste. Alifundisha sayansi Goma, na wakati wa likizo alirudi kwao, kwenye kilima cha pili. Mama Emérita alimpa maziwa. Papa Manassé alimweleza yote.

Mwalimu Védaste aliuliza, «Ni fizikia peke yake?»

«Peke yake.»

«Sasa mbona munalia kama kwenye kilio? Muntu hajakufa hapa, Papa Manassé. Ameanguka somo moja. Iko mtihani wa pili, mwanzo wa mwezi wa tisa. Akipita ule, anapanda darasa.»

Papa Manassé hakuwa amesikia habari hiyo. Narcisse aliisikia shuleni, lakini aliona haya kuisema. Aliogopa kuanguka mara ya pili mbele ya watu wale wale.

Mwalimu aliendelea kueleza. Pale Kitshanga, katika chumba cha shule ya msingi, yeye na mwenzake wanafundisha masomo ya likizo. Wanafunzi walioanguka somo moja au mawili wanakuja kila asubuhi. Wanarudia kile walichokosa, na hicho tu. Lakini mtu aje mapema. Akingoja wiki ya mwisho, hatafaidika.

«Atakuja kujifunza nini?» Papa Manassé aliuliza. «Anajua yote. Narcisse, semea mwalimu.»

Narcisse alisimama. Alisema sheria ya vitu vinavyoingizwa majini, mwanzo mpaka mwisho. Koko Nyiramahoro alimsaidia kwa mbali.

Mwalimu alisifu. Kisha alichukua kikombe chake cha mti, akakiweka juu ya maji ya ndoo. Kikombe kilielea. Akamimina ndani yake maziwa kidogo. Kikombe kilishuka, lakini hakikuzama.

«Kwa nini kimeshuka? Na kwa nini hakikuzama?»

Narcisse alianza tena: «Tout corps plongé...»

«Hapana. Hiyo nimesikia. Niambie kikombe.»

Narcisse aliangalia kikombe. Alimwangalia baba yake. Koko aliacha kutikisa kibuyu.

Hapo Mwalimu Védaste alimgeukia Papa Manassé, akasema kwa heshima:

«Papa, wewe iko mwalimu mbele yangu. Ulinifundisha katekisimu mimi mwenyewe. Katika katekisimu swali ni lile lile kila mwaka, kwa sababu Mungu habadiliki. Mutoto anashika maneno kwanza, maana inakuja pole pole na maisha. Lakini fizikia haiko vile. Leo wanauliza kikombe, kesho mutumbwi, kesho kutwa jiwe. Maneno ya daftari ni mlango tu. Narcisse amefika mlangoni, njo pale amesimama, hajaingia.»

Papa Manassé alishika kichwa. «Basi mimi njo nimemuangusha.»

«Hapana. Umemufundisha kushika, na hiyo ni kazi kubwa. Sasa mumuulize kwa nini.»

Mama Emérita aliuliza kama aache novena. Mwalimu alicheka polepole. Alimwambia asiache. Mungu anasikia, lakini siku ya mtihani kalamu inakaa katika mkono wa Narcisse. Sala na somo viende pamoja.

Papa Manassé alifikiri mpaka chakula kikawa tayari. Kisha alisema atapeleka ng'ombe milimani yeye mwenyewe. Jumapili atashuka kwa ajili ya kanisa. Narcisse aende Kitshanga.

Kesho yake Narcisse aliondoka mapema pamoja na mwalimu. Njiani walipata wanafunzi wengine. Mmoja alikuwa Sidonie, msichana wa kilima cha jirani, aliyeanguka jometri. Sidonie alimsikia Narcisse akisema sheria zake huku anatembea. Alimwita Kasuku. Jina likashika siku ile ile.

«Kasuku, sema kitu!»

«Nawe chora pembetatu, tuone kama itasimama.»

Walicheka mpaka Kitshanga. Narcisse alikuwa amefikiri kwamba masomo ya likizo ni mahali pa wajinga. Alikuta watoto kama yeye, kila mmoja na somo lake lililomshinda. Hakuna aliyemcheka mwenzake kwa ubaya.

Wiki ya kwanza ilikuwa ngumu. Mwalimu Védaste alimkataza kufungua daftari la koleji. Alimpa kopo la sardini lisilo na kitu. Kopo liliwekwa majini, likaelea. Kisha mwalimu alimwambia alipige kwa jiwe mpaka liwe donge. Donge lilizama. Chuma kilikuwa kile kile, uzito ule ule.

«Eleza,» mwalimu alisema, akaenda kwa mwanafunzi mwingine.

Narcisse alikaa na donge lile asubuhi nzima. Alipiga kopo lingine nusu tu. Alilijaza mawe madogo. Mwisho aliona jambo. Kopo pana linasukuma maji mengi kando. Maji yale yaliyosukumwa nayo yana uzito, na yanasukuma kopo kurudi juu. Donge linachukua nafasi ndogo. Maji yanayosukumwa ni kidogo, na nguvu yao haitoshi kulibeba.

Alimkimbilia mwalimu, akamweleza kwa Kiswahili, mikono ikisema zaidi ya mdomo. Mwalimu alimwambia sasa afungue daftari asome ile sheria. Narcisse aliisoma. Ilikuwa inasema jambo lile lile. Alikuwa ameitamka mara nyingi, na siku ile ndipo alipoisikia. Alitoa shukrani kwa Mungu pale pale kwenye benchi.

Nyumbani jioni pia ilibadilika. Baada ya Rozari hakuna aliyeshika daftari. Kila mmoja alitafuta swali. Athanasie, dada yake mdogo, aliuliza kwa nini mafuta yanakaa juu ya mchuzi. Papa Manassé, aliposhuka Jumapili, aliuliza kwa nini gogo ni jepesi likiwa mtoni, na zito likitoka. Lakini mtu wa kumtesa hasa alikuwa Koko.

«Mimi niliona ng'ombe inaogelea katika ziwa ya Mokoto,» alisema. «Jiwe iko kidogo, inazama. Ng'ombe iko mukubwa na pembe zake, inaelea. Kwa nini?»

Narcisse hakujua. Zamani angeona haya. Sasa alisema, «Koko, ngoja kesho.» Alibeba swali mpaka Kitshanga, akalijadili na wenzake njia nzima, na Sidonie alidai ng'ombe wa Kirolirwe wanaelea kwa sababu ya majivuno. Jioni alirudi na jibu: mwili wa ng'ombe ni mpana, na kifua chake kimejaa hewa. Anasukuma maji mengi, na maji yale yanatosha kumbeba. Jiwe halina hewa ndani yake.

Koko aliwaza. «Basi ng'ombe iko kopo ya sardini.»

«Njo hiyo, Koko.»

Mwezi wa tisa ulifika. Papa Manassé alimsindikiza Narcisse mpaka koleji. Walisali pamoja mbele ya mlango, kisha mtoto akaingia.

Padri aliyeuliza mtihani alikuwa mtu mkavu. Juu ya meza aliweka bilauri ya maji, akatia yai. Yai lilizama. Kisha alimimina chumvi nyingi, akakoroga. Yai lilipanda juu.

«Yai sikulibadilisha,» Padri alisema. «Kwa nini limepanda?»

Narcisse hakuwahi kuona jambo hili. Halikuwa katika daftari, wala Kitshanga hawakulifanya. Maneno ya zamani yalikuja mdomoni yenyewe: «Tout corps...» Alifunga mdomo. Aliomba ruhusa afikiri kidogo, na ndani ya moyo alisema sala fupi. Kisha aliangalia yai, yai tu.

Alianza polepole. Yai linachukua nafasi ile ile kama mwanzo. Kwa hiyo linasukuma maji kiasi kile kile. Lakini maji haya sasa yana chumvi. Kwa kiasi kile kile, ni mazito zaidi. Maji mazito yanasukuma juu kwa nguvu zaidi. Yai lisilobebwa na maji matamu linabebwa na maji ya chumvi.

Padri alimtazama. «Nani alikufundisha hili?»

«Hili hakuna mtu, Padri. Nimeliona sasa hivi.»

Padri aliandika kitu, akamuuliza maswali mengine mawili. Mwisho alimwambia aende kumwambia baba yake atafute godoro la bweni, kwa sababu amepanda darasa.

Papa Manassé alipiga magoti palepale uani, mbele ya wanafunzi wote. Narcisse hakuona haya hata kidogo.

Sidonie naye alipita jometri yake. Mwaka uliofuata watu watano wa Kirolirwe walipeleka watoto kwenye masomo ya likizo mara tu matokeo yalipotoka, bila kungoja. Na Papa Manassé, akiisha kusikia jibu la katekisimu, alianza kuwaambia watoto: «Vizuri. Sasa niambie kwa maneno yako.»

Asubuhi ya kurudi shuleni, siku chache baada ya mtihani ule, Narcisse aliweka sanduku begani. Mama alimbariki. Sidonie alikuwa akimngoja njiani. Koko Nyiramahoro alikaa mbele ya nyumba, akiangalia moshi unaotoka katika majani ya paa.

«Narcisse. Kila kitu kinaanguka chini. Kwa nini moshi inapanda?»

Narcisse alisimama. Alifikiri. Sidonie alimwita mara mbili, akisema watachelewa. Ikabidi aende bila jibu. Alishuka kilima, sanduku begani, hasikii utani wa Sidonie.

Walipofika chini karibu na mto, alisimama ghafla. Aliweka sanduku katika majani, akageuka, akapiga kelele kuelekea juu:

«Koko! Hewa ya moto iko nyepesi! Hewa ya baridi inaisukuma!»

Kule juu mwanamke mzee alisimama. Sauti yake ilishuka kilima, ndogo lakini wazi:

«Kwa nini?»