Sufuria Ndogo ya Ionie

Jumamosi jua likielekea kuzama, Lascelles alichukua kopo lake na kushuka mgahawani kwa Ionie. Mpini wa kopo aliufunga mwenyewe kwa kamba, kwa fundo la bandarini alilorithi kwa babake. Mgahawa wenyewe ni mabati na meza tatu, lakini kwa supu ya kuku na boga Ionie hakuwa na mpinzani Kingston.

"Kopo la nne wiki hii," Cuthbert alimtania huku akicheza domino. "Mkeo kapona, au ana mapacha tumboni?"

"Kapona. Tangu Jumanne anakula vizuri."

Domino moja ikaanguka, hakuna aliyeiokota.

Ionie akamjazia Lascelles bakuli kutoka sufuria kubwa. Kopo la mkewe, Merlene, akalijaza kutoka sufuria ndogo, ile ya nyuma. Kama jana. Kama juzi.

Ionie alimpenda Lascelles kabla hajamwoa Merlene, na mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Ionie alipogeuka, Lascelles akachovya kijiko kwenye kopo. Akaonja.

Haina chumvi.

Hata chembe.

Chakula kisicho na chumvi hupikwa usiku wa tisa wa matanga, kikatengwa pembeni. Ni cha marehemu. Mizimu haili chumvi.

"Unamroga mke wangu," alinong'ona.

Ionie alimtazama kwa huruma, na huruma hiyo ndiyo iliyomuudhi.

"Jumanne alikuja mwenyewe dirishani kwangu. Ndiye aliyesema nisitie. Mpe hivyo hivyo, Lascelles, kama unataka akae."

"Mwongo mkubwa wewe."

Akachota kijiko cha chumvi pale mezani, akakikorogea ndani ya kopo, akaondoka.

Merlene alikuwa ameketi gizani. Tangu Jumanne hakutaka taa, alisema inamuumiza macho. Hilo Lascelles hakulishuku.

"Kula, mke wangu. Leo imekolea."

Merlene akameza kijiko kimoja.

"Lascelles," akanong'ona. "Mimi nilikuwa bado sijataka kwenda."

Lascelles akawasha taa haraka. Kiti kilikuwa kitupu. Ile harufu, aliyojiambia siku zote hizo kuwa ni panya aliyefia darini, ilitoka chumbani.

Merlene alikuwa amelala kitandani, shuka hadi kifuani, taya limefungwa kitambaa cheupe. Lascelles alilitazama lile fundo kichwani. Kisha akalitazama la kwenye kopo.

Lilikuwa ni lile lile.

Alirudi mbio mgahawani, machozi yakimtiririka. "Ionie, nipe ya sufuria ndogo. Nakuomba. Nitamrudishia."

"Nimeshaiosha." Ionie akamshika bega, akaondoa mkono upesi, akaufuta kwenye aproni. "Keti kwanza. Ule."

Bakuli lake lilikuwa pale pale mezani, halijaguswa. Hakuligusa jana pia. Wala juzi.

Cuthbert na wenzake wakaacha domino. Ionie akaongeza chumvi kidogo kwenye bakuli, akamsogezea kijiko, akasimama kando yake aone kama atameza.