Wimbo Usiofika Mwisho

Kila alasiri, akishavua sare za shule na kuosha vyombo, Chiriku alikaa kwenye ngazi ya nyuma ya nyumba yao, akapangusa mdomo wa tarumbeta kwa kitambaa, akavuta pumzi. Majirani nao walivuta pumzi, wakajikaza.

Shangazi yake ndiye aliyembandika jina la Chiriku, kwa kuongea bila kituo. Lakini tarumbeta lake lilikuwa na kituo. Mwanzo wa wimbo wa gwaride aliupiga vizuri, hata aliyelala angetamani kusimama wima. Kisha, katikati, ilikuja sauti moja ya juu. Hapo tarumbeta lilitoa mlio wa mbuzi aliyekanyagwa mguu. Chiriku alikunja uso, akaanza upya. Mbuzi. Upya. Mbuzi. Upya. Mtaa mzima uliujua mwanzo wa wimbo ule. Mwisho wake hakuna aliyewahi kuusikia.

"Mwanangu," mama alichungulia dirishani, "huo wimbo hauna mkia?"

"Unao, mama. Nataka kwanza kichwa kikae sawa."

"Kichwa kimekaa sawa tangu mwezi uliopita! Mkia je?"

Chiriku ndiye aliyechaguliwa kupiga tarumbeta siku ya kufunga shule, watoto wa darasa la kwanza wakiandamana kutoka langoni hadi kwenye viti vyao mbele ya wazazi. Mwalimu wa muziki aliwaelekeza wadogo hao kwa ufupi: "Wimbo ukianza, muwe langoni. Ukiisha, muwe mmeketi. Mmeelewa?"

"Ndiyo, mwalimuuu!"

Walielewa kupita kiasi. Siku ya mazoezi Chiriku alianza, wadogo wakaja wakirusha mikono kama askari. Walipofika katikati ya uwanja, mbuzi akalia. Chiriku akaanza upya. Wadogo wakatazamana, wakageuka, wakatimua mbio kurudi langoni. Wakaja tena. Mbuzi. Langoni. Wakaja tena. Mwishowe mmoja, aliyepoteza kiatu njiani, alikaa chini akanyoosha mkono.

"Mwalimu, sisi tutaketi mwaka gani?"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Mwalimu mkuu hakucheka. "Chiriku, nakupa hadi Ijumaa. Usipoufikisha wimbo mwisho mbele ya wazazi, utarudisha tarumbeta la shule, na muhula ujao atapewa mwingine."

Jioni hiyo baba yake, dereva wa lori la taka, alimkuta ngazini, tarumbeta mapajani, macho mekundu.

"Nikikosea pale, baba, wimbo wote umeharibika. Lazima nianze upya."

Baba alivua buti moja, akafikiri. "Leo nimelisahau pipa la kinyozi. Nimelikumbuka nikiwa mtaa mwingine kabisa. Unadhani nimefanyaje?"

"Umerudi kulichukua."

"Kwa mtindo wako, ningezirudisha kwanza taka za watu wote, nyumba kwa nyumba. 'Hodi, mama! Pokea maganda yako, nimekosea, naanza upya.'"

Chiriku alicheka hadi kamasi zikamtoka.

"Nimeendelea na kazi, mwanangu. Nilipomaliza ndipo nikampitia kinyozi. Amenifokea vya kutosha, lakini mtaa ni safi. Haya, leo mwanzo sitaki kuusikia. Nipigie yale yanayofuata baada ya mbuzi."

Chiriku aliinua tarumbeta. Vidole vikatangatanga. Akapuliza kidogo, akaacha. Ndipo alipogundua jambo la aibu: hakuyajua. Siku zote alikuwa akikimbilia mwanzo kwa sababu mwanzo ulikuwa rahisi.

"Baba, huku sijawahi kufika," alisema polepole.

"Basi karibu," baba akamjibu, akavua buti la pili.

Tangu jioni hiyo alianzia pale pagumu. Majirani walifunga madirisha. Kufikia Alhamisi, wawili watatu walikuwa wameyafungua.

Ijumaa wazazi walijaa uwanjani. Chiriku alianza, wadogo wakaja. Ikafika sauti ya juu, na mbuzi akalia. Tena safari hii beberu mzima. Wazazi wakaguna. Wadogo wakasita, mguu mmoja juu, macho yakielekea langoni. Midomo ya Chiriku ilimwasha kwa hamu ya kuanza upya. Akafumba macho, akapiga sauti iliyofuata. Na iliyofuata. Wadogo wakashusha miguu, wakasonga mbele, na sauti ya mwisho ilipozimika, makalio yote yalitua vitini kwa pamoja: pu!

Makofi yakalipuka. Baba alipiga mluzi hadi mama akamfinya.

"Nimekosea, mwalimu," Chiriku alinong'ona, akimsogelea mwalimu wa muziki.

"Nimesikia. Na walio ng'ambo ya barabara wamesikia." Mwalimu alimshika bega. "Lakini watoto wameketi. Hata maishani utakosea, na watu watasikia. Asiyekubali kusonga mbele baada ya kukosea hafiki popote. Ukishamaliza, rudi pale pale ulipokosea, upafanyie kazi. Tarumbeta utabaki nalo. Nenda nalo nyumbani, ukajifunze hiyo sauti ya juu."

"Nianzie wapi, mwalimu?"

"Popote, binti yangu, ila mwanzoni. Mwanzo tumeuchoka sote."