Mwanafunzi wa Idara ya Jirani

Kila siku saa mbili kasoro za asubuhi nafungua chumba cha majoho cha chuo kikuu, nafuta vumbi kwenye cherehani, natia uzi, naanza kazi. Mimi ni fundi. Joho la mhitimu likichanika kwapani au pindo likifumuka, linaletwa kwangu. Nilisoma shule ya msingi tu, lakini kwa miaka kumi na tisa ya kuwavalisha wasomi nimeona kwamba joho humkaa vizuri hata mjinga.

Binti yangu wa kwanza alisoma chuo hichohicho. Masomo yake yalikuwa ya mseto: historia, uchumi na sheria, yote katika shahada moja. Waliofaulu vizuri walipokelewa kusomea sheria ya kimataifa, ile ya kuamua ugomvi wa nchi na nchi. Nafasi zilikuwa tatu tu kila mwaka, na binti yangu aliitamani moja tangu ana miaka kumi na miwili. Mtaani walimwita Balozi, naye akaitika bila haya.

Basi muone balozi mwenyewe. Nikitoka asubuhi, kalala. Nikirudi jioni, yuko kitini, miguu juu ya meza, anawaeleza wadogo zake jinsi mataifa makubwa yanavyokosea. Kitabu kimelala chini ya kikombe cha chai. Nilimuuliza kazi za walimu anazifanya saa ngapi, akanitazama kama nzi aliyeangukia kwenye kikombe hicho.

"Mama, haya ni masomo mseto," akaniambia. "Wewe uliishia shule ya msingi. Nikianza kukueleza tutakesha."

Dharau ya mtoto unaweza kuisamehe, lakini mimi nilianza kuogopa. Mwanafunzi gani huyu ambaye hajawahi kulalamika kwamba kazi ni nyingi?

Siku ya usaili wa zile nafasi tatu ikafika. Chumba cha usaili kimetenganishwa na changu kwa ukuta wa mbao nyembamba, hata kikohozi kinapita. Nitasema kweli: niliacha kushona nikasogeza kiti ukutani.

Walimu walikuwa watatu. Mwalimu wa sheria, mama wa makamo mwenye sauti ya taratibu, alimuuliza hivi: nchi mbili zinatumia mto mmoja, ya juu imejenga bwawa, ya chini inalia mashamba yake yanakauka. Zina mkataba wa zamani. Utazishauri nini?

Binti yangu akakohoa kidogo. Akasema mkataba wa zamani ni mambo ya historia, na yeye hasa ameegemea uchumi.

"Uchumi?" akauliza mwalimu wa uchumi. "Kwangu ulisema wewe ni wa sheria. Nikakusamehe insha nne."

Mwalimu wa sheria akasema kwake alijitambulisha kuwa mtu wa historia, naye akamsamehe nne. Mwalimu wa historia, mzee mcheshi, akacheka mpaka kiti kikalia. Yeye alikuwa amemsamehe tatu, kwa kuwa msichana alimwambia mzigo wa uchumi unamlemea.

"Kumbe tumelea mtoto mmoja watu watatu," akasema, "na hakuna aliyempa chakula."

Hapo ndipo nilipoelewa. Miaka miwili binti yangu alikuwa mgeni katika kila darasa. Alichagua masomo matatu kusudi apate milango mitatu ya kutorokea. Nilimsikia akitoka, viatu vinakwenda mbio. Sikumfuata. Kwa kweli nilimdharau, na kumdharau mtoto uliyemzaa ni uchungu usio na dawa.

Kesho yake mwalimu wa sheria alikuja kupimwa joho jipya. Nikiwa na utepe mabegani mwake, nikamwambia yule msichana wa jana ni wangu. Akashtuka, akaanza kuniomba radhi. Alidhani nataka kumwombea nafasi.

"Mwalimu, nafasi msimpe," nikasema. "Mrudishieni insha zake zote kumi na moja. Asisamehewe hata moja."

Akanitazama kwenye kioo. "Atakuchukia, mama."

"Anichukie akiwa anasoma."

Kweli alinichukia, alipojua ombi lilikuwa langu. Miezi miwili hakunisalimu ila shikamoo ya kulazimishwa. Lakini walimu walikwishampa sharti: insha kumi na moja au asirudi kwenye usaili. Ya kwanza ilirudishwa ina wino mwekundu kila mstari. Akalia, akaiandika upya. Kufika ya sita miguu ilikuwa imeshuka mezani, na mezani kulikuwa na ramani, takwimu za mavuno na mikataba. Siku moja aliniuliza, kwa sauti ndogo, kama watu wa juu wakiyatumia maji yote ya mfereji, wa chini watamshtaki nani. Nikamwambia sijui, asome.

Mwaka uliofuata alisailiwa tena. Mwalimu wa sheria alinieleza kwamba binti yangu alianza na mkataba, akapita mashambani, akafika mahakamani, na palipomshinda akasema wazi, "Hapa sijui, ila najua pa kutafuta." Wakampa nafasi.

Nawaandikia ninyi mlio shule ya msingi kwa sababu mchezo huu huanzia kwenu. Ukiulizwa hesabu, wewe ni mtu wa lugha. Ukiulizwa lugha, wewe ni wa sayansi. Walimu ni watu wapole, watakuacha upite, nawe utajiona mjanja, kumbe unajiibia mwenyewe. Siku itakuja watakaa meza moja. Kwa hiyo mwalimu akikusamehe kazi, mshukuru, kisha nenda ukaifanye, umpelekee.