Mgeni Asiyeitikia Marahaba

Kasoro ya kwanza ilikuwa ndogo sana: bikizee yule hakuitikia marahaba.

Deodata alikuwa ameketi uani anachambua maharage kwenye ungo, jua limeshakausha umande migombani. Alipoinua macho alimkuta amesimama pembeni mwa jiko, kitenge kimemfunika mpaka masikioni, mkononi ameshika kikapu cha kusukwa chenye mfuniko uliochongoka, cha aina wanayobebea zawadi za harusi. Deodata akamwamkia shikamoo kwa adabu zote. Mtu mzima wa Ngara, hata akiwa hoi kitandani, marahaba haimshindi. Huyu alitabasamu tu, kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Mtoto anacheza?"

Mimba yenyewe ilikuwa siri. Deodata aliificha chini ya gauni pana, kama wanawake wa Kanazi, kijiji chao, wanavyoficha mpaka tumbo lijitangaze lenyewe, na waliojua walikuwa mumewe Novatus, mama mkwe wake Bonifasia, na nesi wa watafiti wa uzazi waliofika kijijini. Angepaswa kushtuka. Lakini tangu alfajiri kichwa kilikuwa kinamgonga vibaya, na mtu anayeumwa kichwa hana nafasi ya kushangaa. Akasema lile neno ambalo kila mwanamke aliyelelewa vizuri hulisema bila kufikiri. Akasema karibu.

Bibi akasogea, akaketi nyuma yake mkekani, akaomba ruhusa ya kumkanda kichwa. Vidole vyake vilikuwa vya baridi na vilinuka samli iliyochacha. Akakanda paji la uso, akakanda nyuma ya masikio, na kila alipokanda maumivu yaliondoka, yakatoka kabisa hata Deodata akasahau yalikuwa wapi. Bibi akafunua kikapu kidogo, akafunika upesi, akaaga. Deodata alimaliza maharage yake huku anaimba.

Ule wimbo ulipaswa kumtisha kuliko kitu chochote. Mimba yake ya kwanza iliharibika siku aliyoamka anaimba. Alikuwa mzima, anapalilia kahawa, mara akaanguka kwa kifafa cha mimba, akazinduka hospitalini tumbo likiwa tupu. Wifi yake Scolastica, binti pekee wa Bonifasia, alianguka vivyo hivyo kabla yake, na yeye hakuzinduka. Hakuna aliyewahi kufika zahanati kulalamikia kichwa. Hakuna aliyeona vimulimuli. Ndiyo maana watafiti walipanda kilima cha Kanazi: walitaka kujua kwa nini wanawake wa huko hukamatwa na kifafa bila dalili hata moja, wakati kwingine kote mwili hupiga kelele kwanza.

Nesi wao, Esperansia, mtu wa Biharamulo mwenye maneno machache, alimpa Deodata kipimo cha presha akae nacho nyumbani, ajipime kila asubuhi na kumpigia simu. Bonifasia alinuna. Alisema hawa watu huja kuchukua damu na kuondoka nayo, na mjukuu wake hakuwa panya wa maabara. Deodata akamjibu kwamba mtoto wa kwanza alimwachia Mungu peke yake, na huyu wa pili wangemlea wote, Mungu na kipimo. Alisema hivyo akiwa ameinamisha kichwa, lakini alisema.

Bibi akarudi, akarudi tena, na daima alikuja mchana kweupe, Bonifasia akiwa shambani na Novatus yuko Kabanga kwenye biashara yake ya vitenge. Kuku walikuwa wanakimbilia chini ya ghala kabla hajafika. Harufu ya samli ilitangulia, kisha mlio mdogo wa kikapu kilichobanwa kwapani, kisha yeye. Deodata alikuwa anamwamkia kila mara, na kila mara marahaba haikuja. Miguu ilipoanza kuvimba, bibi aliikanda ikanywea. Macho yalipoanza kucheza vimulimuli, alipitisha kidole gumba juu ya kope na vimulimuli vikazimika. Deodata alikuwa hajawahi kujisikia mzima kiasi kile maishani.

Kipimo, hata hivyo, kilikuwa na habari nyingine. Kila asubuhi namba zilipanda. Esperansia alikuja na kipimo cha pili akidhani kile kimeharibika, akajipima mwenyewe, akampima Bonifasia, vyote viwili vikasema kweli. Akampima Deodata, vyote viwili vikapanda. Akamuuliza kama kichwa kinauma. Hapana. Macho? Hapana. Maumivu chini ya mbavu? Hapana, mimi mzima kabisa, dada. Esperansia akaogopa, akamwambia ajiandae, kesho gari la utafiti lingekuja kumpeleka hospitali. Deodata aliitikia, ingawa moyoni alijiuliza mtu mzima kama yeye anakwenda kulazwa kwa ugonjwa gani.

Kesho yake, kabla ya gari, bibi akaja.

Kipimo kilikuwa bado ndani, kwenye meza fupi kando ya mkeka, na Deodata, ambaye utani ulikuwa damuni mwake, akamwambia, "Bibi, leo zamu yako. Leta mkono nikupime." Bibi akasita, kisha akanyoosha mkono. Deodata akamfunga ule mfuko wa kipimo mkononi, akabonyeza. Mfuko ukavimba, ukavimba, ukaendelea kuvimba kupita pale unapokomea siku zote, ukajikaza mpaka Deodata akaona wazi kwamba umejibana wenyewe kwa wenyewe, kwamba ndani yake hamna mkono wala mfupa wala chochote cha kubana, huku vidole vya baridi upande wa pili vikiendelea kuchezacheza mezani kana kwamba hakuna kilichotokea, na namba kwenye kioo zikasimama kwenye sifuri.

"Hivi vitu vyenu," bibi akasema taratibu, "havijui wazee."

Deodata akajiinua kusimama, akachelewa. Bibi alishazunguka nyuma yake, vidole viko kichwani, na kikapu kiko chini karibu na goti lake, na kwa kuwa nyumba ilikuwa kimya na kuku walikuwa kimya na hata upepo migombani ulikuwa umekata, akasikia kile ambacho siku zote wimbo wake mwenyewe ulimzuia kusikia: ndani ya kikapu kulikuwa na watu wanaugua, wanawake wengi, wanaugua kwa sauti za chini za watu waliochoka kuugua, mmoja analalamikia macho, mwingine anaomba maji, na mmoja, aliyekuwa karibu kabisa na mfuniko, alikuwa anasema, "Kichwa, mama, kichwa kinapasuka," na sauti hiyo Deodata aliijua kwa sababu alilima nayo, aliteka maji nayo, alicheka nayo, sauti ya Scolastica.

Ndipo alipoelewa. Scolastica aliumwa kichwa. Wote waliumwa, hata yeye mwenyewe ile mara ya kwanza, aliyekandwa pengine akiwa usingizini. Mwili wa kila mmoja ulipiga kelele kama mwili wa mwanamke mwingine yeyote, na huyu mgeni alikuja akaiba zile kelele moja moja, akawaacha wanaimba mpaka walipoanguka. Hofu ilimjaa Deodata, na juu ya hofu ikapanda hasira, na hasira ikawa kubwa kuliko hofu.

"Nirudishie kichwa changu," akasema.

Vidole vikasimama. "Nani anadai maumivu, mwanangu?"

"Mimi. Ni yangu. Yalikuja kunionya, wewe ukayaiba. Nirudishie."

"Ulinikaribisha," bibi akanong'ona sikioni mwake, na samli ilinuka kama kitu kilichokufa. "Kila siku ulinikaribisha. Mgeni wa kukaribishwa hafukuzwi. Muulize mama mkwe wako."

Bonifasia, aliyewahi kutoka shambani kwa ajili ya gari, alikuwa amesimama mlangoni, jembe begani. Alimjua mgeni mara moja. Yeye mwenyewe ndiye aliyempokea siku zile za Scolastica, akampa kiti, akampa maziwa, akamshukuru kwa kumtuliza binti yake. Na Bonifasia ndiye mwanamke aliyeweza kumnunia jirani mwaka mzima kwa kutosindikiza mgeni vizuri. Alisikia sauti ndani ya kikapu. Jembe likamponyoka. Deodata aliona mdomo wa mkwewe ukitetemeka, akadhani mama atalia, kumbe mama alikuwa anatafuta ufagio.

Kwao hakuna tusi linalozidi kumfagilia mgeni miguuni. Nyumba haifagiliwi mgeni akiwa ndani, hata akae mpaka alale. Bonifasia alifagia. Alifagia kwa mikono miwili, vumbi linamrukia bikizee usoni, na huku anafagia anasema, "Toka. Mimi Bonifasia nimekosa adabu leo. Karibu yangu nimeirudisha, na ya huyu nimeirudisha. Toka nyumbani kwangu."

Bikizee aliachia kichwa cha Deodata ili anyakue kikapu chake. Deodata akawahi. Akang'oa mfuniko.

Maumivu yalimrudia yote kwa pamoja. Kichwa kilipasuka, vimulimuli vikajaa chumba kizima, mbavu zikawaka, akatapika palepale mkekani. Katikati ya hayo alihisi wengine wakimpita, upepo wa kilio uliotoka mlangoni na kupotelea kwenye shamba la kahawa, na Bonifasia akaita jina la binti yake mara moja tu. Bikizee alikuwa ametoweka na kikapu chake; mkekani palibaki kitenge kitupu na doa la samli.

"Kinauma," Deodata akasema huku analia na kucheka. "Mama, kinauma kweli. Mpigie nesi."

Simu ilinasa mtandao wa Burundi, ng'ambo ya mpaka, kama kawaida yake mambo yakiharibika. Hapakuwa na haja. Gari la utafiti lilikuwa tayari linapiga honi barabarani, na Esperansia aliposikia kichwa, macho, mbavu, alikuwa ameshachoma sindano ya kuzuia kifafa kabla hata gari halijageuza. Jioni ile walimpasua. Mtoto wa kike alitoka mdogo, mwekundu, na mkali kwa kelele. Wakamwita Scolastica.

Majirani walisema jini lile lilitoka Lukole, lilibaki kambi ya wakimbizi ilipofungwa. Watu wa kule chochote wasichokijua wanakisingizia kambi. Bonifasia aliwanyamazisha: lilimkanda shangazi yake, sasa ndiyo alielewa, kabla kambi haijawaziwa.

Siku chache baadaye, mchana, Deodata alikuwa amelala wodini, mtoto kifuani, mshono unavuta. Kwenye kitanda cha pili alikuwa Ineza, msichana mjamzito aliyevuka mpaka kuja kujifungulia kwa shangazi yake, na tangu asubuhi alikuwa anashika kichwa na kulia. Deodata alisinzia kidogo. Kilichomwamsha ni Ineza, ambaye alikuwa anaimba.

"Kimepona chenyewe?" Deodata akamuuliza polepole.

"Kuna bibi amepita akanikanda. Mpole sana. Amesema anarudi kumalizia miguu."

Harufu ya samli ilikuwa bado hewani. Deodata alimwita nesi wa zamu kwa sauti iliyoamsha wodi nzima, akamwambia ampime huyu sasa hivi na asimsikilize akisema ni mzima. Kisha akamkabidhi Ineza mtoto, akashuka kitandani huku ameshika mshono wake, akauchukua ufagio wa wodi nyuma ya mlango. Koridoni, kikapu kilikuwa kinalia kwenye kwapa, kinakaribia.

Deodata hakuamkia. Alianza kufagia kuelekea mlangoni.