Tiki Ishirini

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Clementina alikuwa ameshawaamsha watoto wawili, amewapigisha mswaki, amewapa mayai na maziwa, na sasa alikuwa akipanga nani aoge kwanza. Alianza Shane, akafuata Marissa. Vipimo vya njaa, usafi na furaha vilivyoning'inia juu ya vichwa vyao vilikuwa kijani kabisa. Clementina akatabasamu kwa kuridhika.

Shane na Marissa walikuwa watoto wa mchezo wa kwenye tableti. Mtoto wa kweli, Japhet, mdogo wake wa miaka saba, alikuwa amekaa mezani na soksi moja mguuni, akikohoa.

"Dada, nina njaa," alisema kwa Kiingereza. Kiswahili cha nyumbani alikielewa chote, lakini kukijibu hakutaka.

"Subiri! Huoni nina kazi?"

Kazi! Ndivyo alivyosema, bila haya. Msichana wa miaka kumi na mitatu!

Walikaa ughaibuni, ghorofa ya tisa, mtaa wa Regent Park. Baba aliendesha malori ya safari ndefu, akionekana nyumbani mwisho wa wiki tu. Mama aliondoka saa kumi na mbili kamili kuwahi tramu, kwenda kwenye nyumba ya kutunzia wazee alikofanya kazi. Huko kila kitu huwekewa alama. Mzee ameoga, tiki. Mzee amemeza dawa, tiki. Mama akauleta utaratibu huo nyumbani. Alibandika kwenye friji karatasi yenye vyumba vinne kwa kila siku: uji, dawa, mswaki, koti. Dawa ilikuwa ya pumu ya Japhet, ya kuvuta kwa pampu, mara mbili kila asubuhi hata kama haumwi, ili kifua kisije kikabana. Sheria ilikuwa moja tu, na Mama aliirudia kila alipofunga mlango: "Fanya kwanza, tiki baadaye."

Clementina aliichukia karatasi ile. Wenzake darasani waliamka saa moja, wakaandaliwa kila kitu. Yeye amegeuzwa mama wa pili, na hakuna aliyemuuliza kama anataka. Hata hivyo, kwa siku nane za kwanza alifanya yote kama alivyoagizwa.

Kisha akaupata ule mchezo. Akaichukua ratiba ya kwenye friji na kuiingiza yote mle ndani, saa kwa saa, na Shane na Marissa wakaifuata bila kubisha na bila kupoteza soksi. Japhet hakuwa hivyo. Akiiona pampu alibana meno na kuingia chini ya kitanda. Siku ya tisa Clementina alichoka kumvuta miguu, akapiga tiki kwa hasira na kurudi kwenye tableti. Hakuna kilichotokea. Siku ya kumi akapiga tena. Marissa akikosa kuoga tu, kipimo chake kiligeuka chekundu. Japhet hakuwa na kipimo kichwani.

Asubuhi hiyo Japhet alisogea, akachungulia kwenye kioo cha tableti.

"Mtoto wako yule anakula mayai kila siku," alisema kwa hasira. "Mimi unanipa mkate mkavu. Yeye ndiye mdogo wako?"

"Toka hapa!" Clementina alimsukuma. Akampa mkate, akapiga tiki kwenye vyumba vyote vinne, akamvuta mkono kwenda shuleni kwenye theluji.

Saa nne shule ilimpigia Mama simu kazini. Japhet alikuwa hawezi kupumua, gari la wagonjwa lilikuwa njiani.

Japhet alirudi nyumbani jioni, amechoka, macho yamemwingia ndani. Baada ya siku mbili Mama aliwapeleka wote wawili kwa Daktari Kulsum, mama mmoja mzaliwa wa Tanga aliyezungumza Kiswahili kitamu. Mama aliitandaza karatasi ya friji mezani kwa fahari.

"Wiki nne, Daktari. Siku ishirini na nane, hajakosa hata moja. Ile ya jana na leo nimempa mimi kwa pampu nyingine waliyotupa hospitali. Dawa yenu haifanyi kazi!"

"Basi itabidi nimwandikie yenye nguvu zaidi," Daktari Kulsum alisema, akiinua pampu ya zamani aliyoileta Mama. Akaigeuza. Akakunja uso. "Ngoja kwanza, Mama Clementina. Pampu hii ina namba nyuma, inahesabu mivuto iliyobaki. Ilianza na mia moja na ishirini. Kwa mivuto miwili kila siku, siku zenu ishirini na nane, ilipaswa kubaki sitini na nne. Hapa naona mia moja na nne."

"Basi imeharibika."

"Huharibika mara chache sana. Pengine mtoto hakupewa."

Mama alisimama. "Unamwita binti yangu mwongo? Mimi nimemlea mwenyewe! Tiki hizi zote kaziweka kwa mkono wake. Hadanganyi!"

Clementina alitamani ardhi ipasuke. Matusi yangemuuma kidogo kuliko kutetewa namna ile. Daktari alikubali yaishe, akaanza kuandika jina la dawa kali, na ambaye angeivuta ni Japhet.

"Usiandike, Daktari," alisema Clementina. "Pampu ni nzima. Nilimpa siku nane tu. Tiki ishirini ni za uongo."

Mama aligeuka polepole. "Ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa... nawalea wale wa kwenye mchezo."

"Kazini kwangu," Mama alisema, sauti ikipanda hadi mlango ukafunguliwa na muuguzi, "mtu akiweka tiki kwa dawa ambayo hakuitoa anafukuzwa siku hiyohiyo! Unajua kwa nini? Kwa sababu mzee hufa, na karatasi inasema mzima! Wale wa kwenye tableti ukiwazima wanakusubiri, Clementina. Kifua cha mdogo wako hakisubiri!"

Clementina alilia. "Nilichoka, Mama. Hukuniuliza kama naweza."

Mama alikuwa bado na hasira, lakini akaketi.

"Hilo ni kweli, sikukuuliza," alisema. "Ungeniambia umechoka, ningekasirika siku moja, halafu tungepanga upya. Mficha maradhi kifo humfichua, na safari hii kilibisha mlangoni kwa Japhet. Ukishindwa kazi, sema. Kushindwa kunasaidiwa. Uongo ulioandikwa hausaidiki, maana kila mtu anauamini."

Daktari Kulsum alichana karatasi ya dawa kali. "Dawa ileile yatosha. Na si lazima iwe asubuhi. Mpeni jioni, mama akiwepo."

Ratiba mpya ilibandikwa kwenye friji. Dawa ikawa ya Mama, jioni. Uji, mswaki na koti vikabaki kwa Clementina, na tableti ikafungiwa kabatini hadi Jumamosi. Kalamu alipewa Japhet.

Asubuhi ya kwanza Clementina aliweka bakuli la uji mezani. "Haya, piga tiki, tunachelewa."

Japhet alikuwa bado amenuna. Aliishika kalamu kwa ngumi na kuificha nyuma ya mgongo, akamtazama dada yake usoni, akamjibu kwa Kiswahili:

"Fanya kwanza. Sijala."